Kompyuta Ilikuwa Mtu Kabla ya Kuwa Mashine

Mwalimu wa Kiswahili akiwauliza wanafunzi wake neno "kompyuta" limo katika ngeli gani, atajibiwa bila kusita kwamba limo katika ngeli ya I-ZI: kompyuta imeharibika, kompyuta zimeharibika. Jibu hilo ni sahihi, na mtahini hana budi kulipa alama zote. Hata hivyo, lau swali lilo hilo lingeulizwa miaka mia moja iliyopita, na likaulizwa juu ya neno la Kiingereza ambalo sisi tumelikopa, jibu lingekuwa jingine kabisa. Wakati huo kompyuta alikuwa katika ngeli ya A-WA. Alikuwa mtu. Aliamka asubuhi akaenda kazini, akaketi mbele ya kalamu na karatasi, akakokotoa hesabu hadi jioni, na mwisho wa juma akapokea ujira ambao aghalabu ulikuwa mdogo.

Huu si mchezo wa sarufi. Historia ya kompyuta, kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi vya shule, ni orodha ya majina ya wanaume wachache waliojaliwa kuona mbali: Babbage, Turing na wengineo. Sina nia ya kuwapokonya mabwana hao heshima yao, kwa maana waliistahili. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba nyuma ya kila mmoja wao palikuwa na mafundi, makarani na wakokotoaji ambao simulizi imewasahau, na kwamba usahaulifu huo una gharama. Gharama hiyo inalipwa hadi leo, tena karibu nasi: inalipwa na mtoto wa Makongeni au Mukuru anayedhani kwamba teknolojia ni mali ya watu wa mbali, na inalipwa na vijana wenye vyeti vyao wanaofanya kazi katika ofisi za Barabara ya Mombasa, pembeni mwa lile eneo la viwanda ambalo kila Mnairobi hulijua kwa jina la Industrial Area.

Tuanze na neno lenyewe. Katika maandishi ya Kiingereza, "computer" limeonekana tangu mwaka 1613, na kwa zaidi ya karne tatu lilimaanisha mtu ambaye kazi yake ni kukokotoa. Dunia ilimhitaji mtu huyo. Nahodha hakuweza kujua alipo baharini bila majedwali ya mwezi na nyota. Wenye benki na wenye bima hawakuweza kupanga riba bila majedwali ya hesabu. Kila tarakimu katika majedwali hayo ilikuwa imetoka katika kichwa na mkono wa binadamu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Mwanafalaki Edmond Halley alikuwa ametabiri kwamba ile nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1682 ingerejea kiasi cha mwaka 1758. Mfaransa Alexis Clairaut alitaka kutoa tarehe iliyo karibu zaidi na ukweli. Aliketi pamoja na Joseph Lalande na bibi mmoja, Nicole-Reine Lepaute, wakakokotoa tangu asubuhi hadi usiku kwa muda wa karibu nusu mwaka. Walikadiria kwamba nyota hiyo ingelikaribia jua katikati ya Aprili 1759. Ililikaribia tarehe 13 Machi. Kwa safari ya takriban miaka 76, kukosea kwa mwezi mmoja ni usahihi wa kustaajabisha. Lakini Clairaut alipokuja kuchapisha kitabu chake mwaka 1760, jina la Bi Lepaute halikupata shukrani ndani yake. Msomaji na auweke mfano huu akilini, kwa kuwa tutauona tena.

Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, serikali mpya ilimtwika mhandisi Gaspard de Prony jukumu la kutengeneza majedwali makubwa kuliko yote yaliyopata kuwako. De Prony alikuwa amesoma maandishi ya Adam Smith juu ya kiwanda cha pini, mahali ambapo kazi moja hugawanywa katika vipande vidogo vidogo na kila mfanyakazi akarudia kipande chake. Akaamua kuzizalisha tarakimu kama vile pini zinavyozalishwa. Wanahisabati wachache walichagua kanuni. Kundi la pili lilizivunja kanuni hizo ziwe hatua nyepesi. Na kundi la tatu, lililokuwa na makumi ya watu, lilifanya kazi ya kujumlisha na kutoa tu. Wengi wa kundi hili la tatu walikuwa wasusi ambao zamani walizipamba nywele za makabaila. Mapinduzi yalipowaangusha makabaila hao, wasusi nao walipoteza riziki, wakaingia katika ukokotoaji.

Hapo ndipo Charles Babbage, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1791, alipopata hoja yake. Ikiwa mtu asiyejua hisabati zaidi ya kujumlisha na kutoa anaweza kuzalisha majedwali ya elimu ya juu, mradi kazi imegawanywa vizuri, basi gurudumu lenye meno nalo linaweza kuifanya kazi hiyo bila kuchoka wala kukosea. Tuangalie kwa makini mfuatano huu. Mashine haikutangulia ugawaji wa kazi. Kwanza mtu alifanywa awe kama mashine, kisha mashine ikatengenezwa ichukue nafasi yake.

Mwaka 1823 serikali ya Uingereza ilianza kumpa Babbage fedha za kuunda mashine ya kukokotoa majedwali. Babbage alikuwa na fikra, lakini fikra haina meno ya chuma. Alimhitaji fundi, naye akampata Joseph Clement, mwana wa mfumaji wa nguo, ambaye karakana yake ilikuwa miongoni mwa karakana hodari kabisa jijini London. Vipande vilivyotakiwa vilihesabiwa kwa maelfu, na ilibidi vifanane kwa kiwango ambacho karakana nyingi za siku zile hazikukifikia. Clement alitengeneza kwanza zana mpya, na kwa zana hizo akakereza magurudumu. Kisha wawili hao wakagombana juu ya malipo na mahali pa kufanyia kazi. Mwaka 1833 Clement alisimamisha kazi, akabaki na zana zake kama desturi ya mafundi ilivyomruhusu. Serikali iliachana na mradi huo mwaka 1842, baada ya kutumia zaidi ya pauni 17,000.

Wako wanaodai kwamba Babbage alishindwa kwa sababu mafundi wa zama zake hawakuwa na uwezo. Dai hilo limejibiwa kwa vitendo. Jumba la makumbusho ya sayansi jijini London liliichukua michoro ya mashine ya pili ya Babbage na kuiunda kama alivyoichora, kwa vipimo ambavyo mafundi wa karne ya 19 wangeweza kuvifikia. Sehemu ya ukokotoaji, yenye vipande 4,000 hivi, ilikamilika mwaka 1991, miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake. Ilifanya kazi. Kilichokosekana katika maisha ya Babbage hakikuwa ustadi wa mikono. Kilikosekana maelewano kati ya mwenye ndoto na mwenye keezo.

Mradi huo uliacha urithi ambao hauhitaji jumba la makumbusho. Katika karakana ya Clement alifanya kazi kijana aitwaye Joseph Whitworth. Mwaka 1841 kijana huyo, akiwa amekwisha kuwa na karakana yake mwenyewe, alipendekeza kwamba hesi za skrubu zote nchini zifanane: pembe moja ya digrii 55, na idadi maalumu ya mizunguko kwa kila inchi. Umbo hilo ndilo lililomo hadi leo katika viungo vya mabomba vya kipimo cha Kiingereza vinavyotumika nchini mwetu. Fundi wa mabomba anayenunua kiungo cha nusu inchi katika duka la vyuma kwenye barabara ya Enterprise, akakiingiza mahali pake kwa mkono bila kukipima, anafaidi nidhamu ya watu waliolelewa katika karakana ileile iliyokereza magurudumu ya mashine ya Babbage. Ukoo wa kompyuta na ukoo wa bomba la Industrial Area ni ndugu, ingawa hakuna aliyewafahamisha.

Juu ya mashine nyingine ya Babbage, ile aliyoifikiria tangu mwaka 1834 na ambayo haikujengwa kamwe, Bi Ada Lovelace aliandika maelezo yake mashuhuri mwaka 1843. Mashine hiyo ingeendeshwa kwa kadi zenye matundu, wazo lililokopwa kutoka kwa mitambo ya kufumia nguo ya Mfaransa Jacquard. Bi Lovelace aling'amua jambo ambalo hata Babbage hakulitilia mkazo: kwamba mashine ya tarakimu si lazima ishughulike na tarakimu tu. Chochote kinachoweza kuwakilishwa kwa alama na kanuni, hata muziki, kingeweza kupitishwa ndani yake. Alionya pia kwamba mashine hiyo isingebuni kitu chenyewe. Ingefanya lile tu ambalo tunajua kuiamuru. Kwa sisi tunaoshughulika na lugha, ambayo nayo ni mfumo wa alama na kanuni, maneno ya bibi huyo ni msingi wa taaluma nzima.

Tupige hatua ya karibu karne moja. Mwaka 1936 Alan Turing, akiwa na umri wa miaka 24, alichapisha makala iliyoweka nadharia ya kompyuta. Wanafunzi wengi hawajui kwamba neno "computer" katika makala hayo bado lilimaanisha mtu. Turing alimfikiria mkokotoaji mwenye karatasi ya miraba na kalamu, anayeitazama alama moja, anayekumbuka yuko katika hatua gani, na anayeamua afute au aandike nini. Kisha akauliza: ni nini hasa anachokifanya mtu huyu ambacho mashine haiwezi kukifanya? Mashine ya Turing, inayotajwa katika kila mhadhara wa sayansi ya kompyuta, ni picha ya karani akiwa kazini.

Vita Vikuu vya Pili vikaifanya nadharia hiyo kuwa jambo la kufa na kupona. Mashine alizosanifu Turing za kufumbua misimbo ya Wajerumani, ambazo Gordon Welchman aliziboresha, ziliundwa kuanzia mwaka 1940 katika mji wa Letchworth na kampuni ya British Tabulating Machine, iliyojulikana kwa mashine za kuhesabia kadi zenye matundu. Mkuu wa uhandisi wake alikuwa Harold Keen. Waliozihudumia mashine hizo usiku na mchana walikuwa wasichana wa jeshi la majini.

Pwani yetu nayo ilihusika. Baada ya ndege za Japani kuishambulia Ceylon mnamo Aprili 1942, wafumbuaji misimbo wa Uingereza waliokuwa Colombo walihamishiwa Kilindini, Mombasa. Walikaa katika majengo ya shule ya Allidina Visram inayotazama bahari. Humo, mwaka 1942, waliufumbua msimbo uliotumiwa na meli za mizigo za Wajapani, kisha mwaka 1943 wakarejea Colombo. Ni wanafunzi wangapi wanaopita katika ua wa shule hiyo wakijua kwamba sehemu ya vita vile vya akili ilipiganiwa katika madarasa ya pwani ya Kenya?

Huko Marekani, jeshi lilikuwa limewaajiri wanawake makumi kwa makumi kukokotoa njia za makombora ya mizinga. Njia moja ilimgharimu mkokotoaji, hata akiwa na kikokotoo cha mezani, siku kadhaa za kazi. Kwa ajili hiyo ikaundwa ENIAC, mashine ya tani 30 hivi yenye vali zaidi ya 17,000, iliyozinduliwa Februari 1946. Ilimaliza njia moja ya kombora kwa muda wa nusu dakika. Lakini ENIAC haikujua lolote mpaka ipangwe kwa nyaya na swichi, na waliopewa kazi hiyo ni wanawake sita waliotoka miongoni mwa wakokotoaji wale wale: Kathleen McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha maelekezo. Walijifunza kwa kuichunguza michoro ya umeme. Siku ya uzinduzi wakubwa walipongezwa wakapiga picha. Wale sita hawakutambulishwa kwa wageni. Ilichukua miongo minne kabla ya watafiti kuanza kuuliza wanawake waliomo katika picha za zamani ni akina nani. Bi Lepaute wa 1760 alikuwa amepata wenzake.

Mahali hapa ndipo neno lilipohama. Kadiri mashine zilivyozidi, Waingereza na Wamarekani waliacha kumwita mtu "computer" wakaiita mashine hivyo. Kwa kuwa Kiingereza hakina ngeli, neno halikubadilika hata herufi moja. Mtu alitoka, mashine ikaingia, mlango ukabaki uleule. Kiswahili hakiruhusu hila kama hiyo. Kwetu mpimaji hupima kwa kipimio. Mchapaji hutumia kichapishi. Mkokotoaji hutumia kikokotoo. Kiambishi m- kinamtangaza mtu, kiambishi ki- kinatangaza chombo, na msikilizaji anajua ni nani anayefanya na ni nini kinachofanyiwa kazi. Lau neno hili lingezaliwa katika Kiswahili, lisingehama kutoka kwa mtu hadi kwa mashine bila kubadili vazi, nasi tungeiona safari yake kwa macho.

Lakini tulilikopa likiwa limekwisha hama. Wataalamu wetu walipojaribu kuunda mbadala, walitupa "tarakilishi", ambalo wanafunzi huelezwa kwamba linaunganisha tarakimu na akili, na "ngamizi", ambalo kwa bahati mbaya humkumbusha msikilizaji kitenzi "angamiza". Sipingi istilahi hizo. Kipakatalishi na barua pepe zimeonyesha kwamba Kiswahili kinaweza. Ninaloomba litambuliwe ni kwamba "tarakilishi" linaiweka akili ndani ya chombo na kumwacha mtu nje. Neno zuri linaweza kuficha jasho.

Tusidhani kwamba kompyuta ilitoka maabara ikaingia Afrika moja kwa moja. Ilipitia kwenye chai na keki. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za biashara iliitwa LEO, na wenyewe walikuwa J. Lyons, kampuni ya Uingereza yenye mikahawa ya chai na viwanda vya mikate. Mnamo Novemba 1951 mashine hiyo ilianza kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka katika tanuri, na baadaye ikaandaa mishahara ya wafanyakazi. Kwa maneno mengine, biashara ya kwanza kuitia kompyuta kazini ilifanana na zile zilizojaa Eneo letu la Viwanda, mahali ambapo unga hugeuzwa mikate na majani ya chai hutiwa katika pakiti. Nayo ile kampuni ya British Tabulating Machine iliungana na mshindani wake mwaka 1959 ikaitwa ICT, na ni mashine za ICT ambazo katika miaka ya 1960 zilianza kufika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, ICT 1500 iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Kilichofuata huko kinapaswa kusomwa na kila anayeagiza mitambo kwa fedha za umma. Jaribio la kuziendesha hesabu za serikali kwa kompyuta lilileta vurugu na hasara, na mwaka 1974 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta. Wengi wameicheka amri hiyo. Mimi naona inatufunza lile alilofunzwa Babbage kwa gharama kubwa: mashine bila fundi anayeielewa, na bila mazingira ya kuitunza, ni mzigo. Sisi wa Kenya hatuna la kujivunia mno. Kompyuta za watoto wa darasa la kwanza tulizoahidiwa mwaka 2013 zilikwama katika mabishano ya zabuni, na vifaa vilipoanza kusambazwa mwaka 2016, zikazagaa habari za shule zilizovifungia kabatini kwa kukosa umeme, usalama au mwalimu aliyeandaliwa. Ni kisa cha Babbage na Clement kilichovaa sare ya shule ya msingi.

Sasa tufike nyumbani. Majengo ya Sameer yaliyo kando ya Barabara ya Mombasa yapo mwendo mfupi kutoka viwandani. Humo kampuni ya Sama iliwaajiri vijana kuifanya kazi ambayo mashine zinazoitwa za akili bandia haziwezi kuishi bila kufanyiwa: kusoma maandishi na kutazama picha, kisha kuziwekea alama ili mashine ijifunze lipi ni lipi. Mnamo Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walisomeshwa maelezo ya ukatili na unajisi wa watoto, ili mashine ya kampuni ya OpenAI ifundishwe kuyakwepa, na kwamba ujira wao mkononi ulikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wengine, waliokuwa wakichuja machapisho ya Facebook, walieleza jinsi walivyoathirika akili kwa waliyoyaona. Mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Sama pamoja na Meta, kampuni mama ya Facebook, katika mahakama ya Kenya mwaka 2022. Na mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa nchini.

Ni nani hawa, kama si wakokotoaji wa de Prony? Kazi imevunjwa vipande vidogo. Kipande kinarudiwa mara elfu. Wenye kanuni wako mbali. Na mashine ikizinduliwa, hakuna anayewatambulisha kwa wageni. Mteja wa London au wa Nairobi anayeiuliza mashine swali, akajibiwa kwa adabu, hajui kwamba adabu hiyo ilifunzwa na kijana aliyeshuka matatu asubuhi katika Barabara ya Mombasa. Anaiita akili bandia. Kwa hakika sehemu yake kubwa ni akili ya watu, iliyolipwa kwa saa.

Najua wako watakaosema kwamba kazi ni kazi, na kwamba vijana wetu hawana nyingine. Hoja hiyo si ya kupuuzwa katika nchi ambayo mwenye digrii huuza mitumba Gikomba. Dola 2 ni bora kuliko sufuri. Lakini hoja hiyohiyo ilitolewa kwa makuli na vibarua wa Nairobi zamani. Jibu lao linapatikana ng'ambo ya pili ya viwanda, katika ukumbi wa Kaloleni. Humo, tarehe 23 Aprili 1950, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Aliwekwa kizuizini mwezi uliofuata, mgomo mkubwa ukatikisa jiji, naye hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Watu wale hawakuchukia reli wala viwanda. Walidai wahesabiwe kuwa watu ndani yake. Mnamo tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kuchuja maudhui na kuweka alama walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Sioni tofauti kubwa kati ya mkutano huo na ule wa Kaloleni, isipokuwa kwamba mwajiri wa mwisho sasa yuko ng'ambo ya bahari mbili na hajulikani sura.

Walimu wenzangu watauliza: sisi tufanye nini, nasi hatukuunda mashine hizo wala hatuzimiliki? Naona mambo matatu yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza ni kuisimulia historia hii kwa ukamilifu. Mwanafunzi akitajiwa Babbage atajiwe na Clement. Akitajiwa ENIAC ayajue majina ya wale wanawake sita. Msichana wa shule ya Buruburu au ya Makadara atakayejua kwamba waliotangulia kuipanga mashine hiyo walikuwa wasichana, hatakubali kirahisi kuambiwa kwamba kompyuta ni somo la wavulana.

La pili ni kuwatoa darasani. Mtaala wa shule za sekondari ya chini umeliweka somo la kompyuta ndani ya masomo ya awali ya ufundi, pamoja na michoro na matumizi ya zana. Wengi wamelalamikia uamuzi huo, lakini una hekima ndani yake ambayo huenda hata walioupitisha hawakuipima. Mahali pa kulifundishia somo hilo hapako mbali. Mpeleke mwanafunzi wa Mbotela katika karakana ya jirani, amwone mkerezaji akikipima chuma, akikikata na kukipima tena. Amuulize kwa nini nusu ya milimita ni jambo kubwa. Atakuwa amejifunza juu ya usahihi, hatua na kanuni kuliko kama angekaa kutwa nzima akibofya picha katika kioo.

La tatu linatuhusu sisi wa lugha. Wanaoziwekea alama sentensi za Kiswahili ili mashine zijifunze lugha yetu wanafanya kazi ya kiisimu. Wanaamua lipi ni tusi na lipi ni utani, lipi ni sanifu na lipi ni la mtaani, na maamuzi yao yatausikika katika vinywa vya mashine kwa miaka mingi. Kazi hiyo inastahili mafunzo, jina la heshima na malipo ya mtaalamu. Vyuo vikuu vyetu, vinavyotoa mamia ya wahitimu wa Kiswahili kila mwaka kisha vikawaaga langoni, vingefaa viingie katika mazungumzo hayo vikiwa na masharti mkononi. Na tunapounda istilahi, tusimsahau mtu. Tunayo maneno ya mashine kwa wingi. Mfanyakazi huyu wa Barabara ya Mombasa bado hana jina la Kiswahili lililokubalika. Tuliunde, tuliingize katika kamusi, na tuhakikishe kwamba limo katika ngeli ya A-WA.